Mikono ya Binti Yangu Ilikuwa Inasema Nini

"Huyo mtoto anafanyaga nini na mikono?"

Swali hilo niliulizwa humu humu kanisani, benchi la tatu, na mama mmoja kati yenu. Binti yangu alikuwa bado hajaanza kutambaa. Alilala mapajani kwangu, macho juu, akifumba na kufumbua vidole, akifumba na kufumbua. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu na sikuwa na jibu.

Ndugu zangu, najua wengine mmekuja kusikia kwamba ameponywa. Hajaponywa. Ni kiziwi, na ni mzima. Anayengoja kupiga vigelegele apumzike.

Nilipokuwa kazini, mtoto alilelewa na wifi yangu, dada wa mume wangu. Naye ni kiziwi. Hapa mtaani Nyasho mlimwita bubu mbele ya macho yake, kwa kuwa mlijua hasikii. Siku ile mzee mmoja wa kanisa alimshika binti yangu viganja akaanza kukemea pepo la ububu. Nikamuuliza, "Mzee, hilo pepo linakaa masikioni au mikononi?"

"Nyie wasomi," akasema, "mnaulizaga maswali mpaka kwenye maombi."

Wifi akasogea, akakunja nyusi, akauliza kwa ishara: kwa nini? Katika lugha yake nyusi ni sarufi. Usipozikunja hujauliza kitu. Mzee akawageukia ninyi. "Mnaona pepo linavyonikunjia uso?"

Mkaitikia amina. Niliwasikia.

Wiki hiyo hiyo ukoo ukaamua wifi arudishwe Butiama kwa mama mkwe, asije akamwambukiza mtoto ububu. Nilipinga, nikashindwa. Mume wangu anafanya kazi Bunda, kwenye simu alisema tu, "Wazee wameshaamua."

Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Alipiga kichwa ukutani. Kila alipoinua mikono, jirani aliyemwangalia aliibana, eti asizoee. Miezi ikapita, mikono ikatulia. Mkanipongeza, mkasema maombi yamejibiwa. Mimi nilikuwa na mtoto anayekaa pale nilipomweka, asiyenitazama tena. Niliacha kazi. Niliacha kula vizuri. Niliacha kuja hapa, na sikuona nimepoteza kitu.

Hospitali wakampima masikio, wakaniambia hasikii kabisa. Basi nikambeba mgongoni, nikaenda Butiama bila kumuaga mtu.

Tulimkuta wifi zizini, mama mkwe anakamua. Wifi alipotuona aliinua ngumi mbili, akazishusha kwa zamu, moja, nyingine, kama mtu anayevuta chuchu za ng'ombe. Binti yangu akashtuka. Akamkazia macho muda mrefu. Kisha naye akatoa ngumi zake ndogo, akavuta hewa, moja, nyingine.

Mama mkwe hakuacha hata kukamua. "Si anaomba maziwa? Mletee kikombe. Unashangaa nini, msomi?"

Nilikaa chini pale pale kwenye samadi, nikalia.

Wifi nimerudi naye hapa Musoma, na mwenye neno alilete kwangu. Ananifundisha. Yeye alisoma shule ambayo walimu walichapa mikono inayozungumza, wakitaka watoto waigize midomo. Watoto wakafundishana bwenini, wakubwa kwa wadogo, na lugha ikaishi ndani ya vidole vile vile vilivyochapwa. Wala si Kiswahili cha mikono; ina mpangilio wake, na mimi bado naukosea, wananicheka wote wawili.

Namshukuru mama mkwe kwa kile kikombe. Namshukuru wifi, yule pale benchi la nyuma, ambaye hamkumsalimia alipoingia. Ninyi siwashukuru. Ninyi nawaachia neno moja: kabla hujabana mikono ya mtu, uliza inasema nini.

Na wewe mama wa benchi la tatu, nimechelewa kukujibu, kwa sababu nimelijua hili juzi tu, nikisoma. Mtoto anayelelewa kwa lugha ya ishara hubwabwaja kwa vidole, kama wako alivyobwabwaja kwa mdomo. Siku ile mlipokemea pepo, binti yangu alikuwa anasema ba-ba-ba.