Majina Thelathini na Manne ya Mwalimu Nzivo

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Redio ikikwaruza, ipigeni kofi kidogo, itatii.

Leo tunamkumbuka Mwalimu Wathome Nzivo wa mtaa wetu wa Mbotela. Tulimzika Jumamosi. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja tu.

Alikuwa mfupi, tusidanganyane. Nusu ya juu ya ubao alifutiwa na wanafunzi.

Mwaka wa tisini na tatu, mtoto wa Waithera, yule muuza mboga, alitumbukia katika shimo la maji taka, akafa. Kifuniko kilikuwa kimeibwa. Mtoto alikuwa na miaka minne. Minne, wasikilizaji.

Mwalimu Nzivo alifundisha uraia darasa la nane. Siku hiyo alifunga kitabu. "Mmekariri vya kutosha," akasema. "Leo tunatunga sheria."

Darasa likawa bunge. Spika alivaa nywele za katani, akafanana na kondoo aliyekosa usingizi. Walibishana wiki mbili. Mswada ukatoka na mstari mmoja: kifuniko kikiibwa, baraza la jiji lirudishe kingine ndani ya siku saba.

"Na kisiporudishwa?" aliuliza Nthoki, mjukuu wangu niliyemlea.

"Mkubwa mwenyewe akalie hilo shimo!" akajibu Spika.

"Sawa," akasema Mwalimu, "lakini iandikeni kwa heshima."

Sasa sikieni kosa. Mtaani kwetu, barua ya ofisini isiyo na nambari ya nyumba haisomwi. Kwa hiyo watoto thelathini na wanne waliandika majina yao, na kila mmoja nambari ya nyumba yao. Wakampelekea diwani aufikishe mswada barazani. Diwani akasifu mwandiko.

Nyumba zetu ni za baraza hilo hilo; wiki iliyofuata, barua zake za kutuhamisha zilipita mlango kwa mlango. Nyumba thelathini na nne. Kosa letu: uchochezi. Tulipewa siku tatu.

Mkewe Mwalimu, Kavinya, anakumbuka: "Alivaa tai ya harusi yetu. Akaniambia, mama watoto, naenda kusema uongo, niombee."

Alimwambia diwani kwamba majina yote aliyaandika yeye, kwa mkono wake. Watoto hawajui lolote.

Diwani hakuwa mjinga. Alituita wazazi na watoto. Akatuuliza mmoja mmoja: "Huu mwandiko ni wa mtoto wako?"

Thelathini na wanne tulisema hapana.

Barua zikafutwa. Mwalimu akafutwa kazi. Alikaa rumande miezi mitano, akatoka na kikohozi. Kikohozi hicho ndicho kilichomuua, miaka minne baadaye. Mswada haukusomwa hata mara moja.

Kavinya, pole sana, wewe na wanao. Mume wako alitubakishia paa, na alipokuwa rumande hatukuja hata kukusalimu.

Nanyi wasikilizaji, kaeni kimya kidogo mfikiri. Siku ile mbele ya diwani, Nthoki alifungua mdomo aseme kweli. Nilimkanyaga mguu. Sasa ni mtu mzima, na mkutanoni huketi nyuma kabisa, hasemi neno.