Fundi Aliyeacha Mluzi Wake Ndani ya Gari la Njano

Fundi Kipriani Ndayikeza anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na moja katika Gereji ya Isihaka hapa Kasulu, barabara ya kwenda Kibondo. Katika miaka yote hiyo hakuchelewa kazini isipokuwa siku aliyooa, na hata siku hiyo alitokea saa nane mchana, suti mwilini, kuuliza kama gasketi za Fuso zimeletwa. Bi Esteri, mkewe, amekaa hapo mbele. Anayedhani huu ni uongo amuulize.

Alizaliwa ng'ambo ya mpaka mwaka 1965. Alivuka akiwa na miaka saba, ameshika upindo wa kitenge cha mama yake, akakulia Makere, akalima, akapata uraia. Shule aliiacha darasa la tano, siku aliyogundua kuwa hesabu haina sauti. Maana mtu huyu bila sauti haelewi kitu. Mpe karatasi, ataishika juu chini. Mpe injini inayokohoa, atakwambia inaumwa nini na ilianza lini.

Mwaka 1994 aliajiriwa kuosha magari. Wakati ule gereji ilikuwa na kazi nyingi za malori na Landkruza zilizohudumia makambi ya wakimbizi, na mengi yalikuja yameua turbo kwa vumbi. Mzee Isihaka, ambaye alitoka Ujiji na spana mbili na mkeka wa kuswalia, alimkuta mwosha magari wake ameinamia lori linalonguruma, anapiga mluzi. Alitaka kumfukuza. Kisha akasikiliza, akamnyang'anya ndoo, akampa bisibisi. Ndoo hiyo hakuigusa tena, na sisi wengine tukaosha wenyewe.

Kwa wageni wasiojua kazi yetu: turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini, ikasukuma hewa ndani, gari likapata nguvu za mwendawazimu. Ikizunguka hupiga mluzi. Kipriani alikuwa akiiga mluzi huo kwa midomo yake. Turbo ikiwa nzima, sauti yake na ya fundi zililaliana, ukasikia moja tu. Ikiwa na ugonjwa, ulisikia mbili zikisukumana kama wake wenza. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake, na hakikuhitaji betri.

Kanisani hakikumfaa. Kwaya ya parokia ilimwomba kwa heshima zote akakae na wasikilizaji, kwa kuwa alijua noti moja tu, nayo ni ya Fuso likipanda mlima.

Lami ilipofika, ikaleta watu wenye haraka. Tulianza kuona magari ya spoti, yale ya chini ambayo dereva huingia kama anayejilaza kaburini, mengine yamebebwa juu ya semi kutoka Mwanza na Kigoma. Wenyewe walitaka jambo moja: yafungwe turbo mbili. Hapo sasa ndipo kazi ilipo. Turbo mbili ni lazima zivute sawasawa, la sivyo moja huvuta, nyingine huvutwa, na siku moja injini hupasuka mtu akiwa kwenye kona. Kipriani alifunga magari kumi na moja. Kumi hayajarudi gereji, wala wenyewe hawajarudi isipokuwa kuleta mbuzi. La kumi na moja lilirudi. Hilo lazima lielezwe, kwa sababu ndilo linalomstaafisha.

Ilikuwa Agosti iliyopita, mbuga zinachomwa, moshi umeshuka mpaka barabarani na jua jekundu kama jicho la mgonjwa. Bwana Ridhiwani, mfanyabiashara wa maharage wa Kibondo, alileta gari la njano ambalo injini yake iko matakoni. Fundi alilishughulikia siku kumi na tisa. Siku ya ishirini, saa nne asubuhi, aliliwasha mbele yetu sote. Fundi Kudra, dada yetu mwenye kompyuta, alikuwa upande mmoja anasoma kioo chake. Kipriani alisimama nyuma ya gari akapiga mluzi. Sauti ya turbo ya kwanza ikalala. Ya pili ikalala. Tukasikia moja, nyembamba, tamu, isiyotikisika. Mzee Isihaka alifumba macho.

Kipriani akafunga mdomo ili afute mikono.

Mluzi uliendelea.

Haukuwa wa turbo, hilo tulilijua wote. Ulikuwa wake yeye, na ule mkwaruzo mdogo wa mwishoni, kama mwanambuzi aliyemeza vumbi, alioupata zamani alipopigwa mdomoni na mpini wa jeki. Midomo yake ilikuwa imebana. Kudra alizima injini. Feni zikasimama, lakini mluzi ulimalizia kipande chake kwanza, kama mtu aliyekatizwa maneno akaamua kumaliza, ndipo ukanyamaza. Mbwa wa gereji, ambaye hajawahi kubwekea hata mwizi, alivuka barabara taratibu akahamia kwa fundi viatu. Mpaka leo anakaa huko.

Kipriani alijaribu kupiga tena. Ilitoka hewa tu. Wapo waliosema ni meno. Meno yote yapo. Yalihesabiwa siku amelala benchini kinywa wazi. Kompyuta ya Kudra nayo ilisema gari halina kasoro, turbo zote mbili zinavuta sawa mpaka nukta ya mwisho. Bwana Ridhiwani alilijaribu mpaka Kibondo na kurudi, akasema hajawahi kuendesha kitu kama kile, akaondoka nalo anacheka. Sisi hatukucheka.

Sasa mjue hivi. Siku za kazi fundi hulala gereji. Jumamosi mchana hushuka basi pale Makere, huingia njia ya kwao, na tangu walipooana hupiga mluzi akikaribia ili Bi Esteri aweke maji ya ugali jikoni. Jumamosi ile alishuka, akatembea kimya. Hakuwa na la kupiga. Alikuta mlango umefungwa, akabisha. Bi Esteri akauliza ni nani. Akamwambia ni mimi, Kipriani. Mkewe akajibu humo ndani kwa sauti ndogo:

"Kipriani amepita saa nzima iliyopita. Nimemsikia kwa masikio yangu, nikatoka mpaka barabarani. Wewe ni nani?"

Aliyepita lilikuwa gari la njano. Lakini mama wa watu angejuaje? Fundi wetu alisimama nje ya nyumba aliyoijenga mwenyewe kama muuza vyungu. Alitaja majina ya watoto. Haikutosha, majina ya watoto kila mtu anayajua. Ikabidi ataje rangi ya ng'ombe wa mahari, yule mwenye pembe moja, na kilichomuua. Ndipo komeo likatoka. Hata hivyo, kwa maneno yake mwenyewe fundi, kila alipoinua macho kwenye ugali alikuta anatazamwa mdomoni. Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile. Mluzi ulipita kwanza, mume akafuata, mlango ukakawia.

Jumanne yake Bwana Ridhiwani alirudi, hacheki tena. Alieleza kwamba kila akipita Makere mama mmoja hutoka mbio, mikono ina unga, na kumwita kwa jina lisilo lake. Na kwamba gari hupiga mluzi likiwa bandani, ufunguo uko mfukoni mwake. Alitaka turbo zote mbili zitolewe, akazitose mto Malagarasi. Mzee Isihaka alikubali papo hapo. Na hakuna kati yetu ambaye hakuwaza neno lile lile: zikifunguliwa, huenda kilicho ndani kikamrudia mwenyewe.

Kipriani alisogea nyuma ya gari. Aliomba liwashwe. Alikaa juu ya tairi, viwiko magotini, akasikiliza kwa muda wa kuiva chungu cha maharage. Ilikuwa ajabu kumtazama mtu akijisikiliza namna ile, kichwa ameinamisha, kama anayechungulia dirishani kwake mwenyewe na kukuta mwenye nyumba yupo ndani. Mara mbili alitabasamu. Mara moja alikunja uso, akanyoosha kidole, kisha akakishusha, nadhani alidhani amesikia kosa na halikuwapo.

Kudra ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alimwekea spana mkononi.

"Baba, fungua," alisema. "Uchukue kilicho chako, uende nyumbani mkeo akujue."

Fundi aliipima ile spana kiganjani.

"Nifungue nini, mwanangu? Haina kasoro. Miaka yote hii sijapata kufunga mbili zikalingana hivi. Nikiifungua, nitabaki na mdomo tu."

Akamrudishia spana. Akafuta alama ya kidole kwenye rangi ya njano, akampa Bwana Ridhiwani ufunguo wake. Mwenye gari, jasho linamtoka, aliuliza sasa likianza tena bandani afanye nini.

"Lisalimie," alisema Kipriani. "Ni mtu mpole."

Kisha akaingia ofisini kwa Mzee Isihaka kuomba kustaafu, kwa kuwa fundi asiye na kipimo atawaua watu. Mzee alimkatalia mara tatu. Mara ya nne waliketi wawili hao, na walipotoka jambo lilikuwa limekwisha. Kazi ya turbo mbili sasa ni ya Kudra na kompyuta yake. Anaifanya vizuri sana, na tunamwambia hapa hadharani ili asivimbe kichwa kwa kuambiwa pembeni.

Kati ya sifa za fundi Kipriani, wengine watataja uhodari, wengine uvumilivu. Iandikwe pia kwamba aliazima miwani ya watu na kuirudisha na grisi, kwamba alikula viazi vya wenzake bila aibu, na kwamba hakumdanganya mteja hata mara moja, jambo lililotupotezea wateja wengi wajinga.

Zawadi ya wafanyakazi ilileta ubishi. Aliyependekeza filimbi ya refa alipigwa kelele, na hatatajwa hapa. Tulikubaliana kuchomelea mlango wa chuma, ndio huo umefunikwa shuka pale. Una bawaba nne, komeo zito, na tundu la kuchungulia katika usawa wa macho ya Bi Esteri. Kipimo tulikichukua kwa hila alipokuja kuleta chakula. Mama, siku ukisikia mumeo anapita barabarani, kaa ulipo. Ukisikia mtu anabisha bila mluzi, chungulia kwanza. Ukiona masikio makubwa yameinama pembeni, huyo ndiye.

Kuanzia leo fundi hatangoja tena Jumamosi. Bwana Ridhiwani bado anaendesha gari lake, na ameahidi kupita Makere polepole.

Fundi Kipriani, Gereji ya Isihaka inakushukuru, na barabara yote mpaka Kibondo inakushukuru, hata wale wasiojua ni nani aliyewafikisha. Tunakutakia uzee usio na haraka, maharage yasiyo na wadudu, na kila unapotoka shambani, ufike mlangoni kabla ya mluzi wako.