Neno la Kwenda Nalo Kunduchi

Benchi lililopo kwenye kona ya kibanda cha kujazia watu muvi kwenye flashi, huku Temeke, limeandikwa kwa rangi nyekundu: MALI YA UMMA. Limetokaje ofisini hadi kijiweni, hakuna faili linaloeleza; umma umelipokea bila manung'uniko, kwa kulikalia. Mchana huo walilikalia watatu, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa. Ansbert, karani mstaafu, wanamwita Muhtasari kwa kuwa hata salamu huigawa vipengele. Edgar wa bodaboda anaitwa Trela, maana hajawahi kumaliza muvi. Abiria humwita katikati, naye akirudi huhadithia kama mtu aliyeuona mwisho. Kati yao alikaa Mfaume, ambaye siku nyingine ndiye hakimu wa mambo hayo. Anafanya shifti za usiku bandarini, mchana yupo nyumbani na rimoti, na tamthilia aliyoikataa Mfaume mtaa mzima huiacha. Leo hakuwa hakimu wa kitu. Mkewe Hamida alikuwa amerudi kwao Kunduchi tangu wiki iliyopita, na kikao cha wazee kilikuwa jioni hiyo hiyo. Baba mkwe alimtuma mshenga na sharti moja: atakayeanza kusema ni Mfaume. Akisema la maana, ataondoka na mkewe. Akibabaisha, wao wataomba talaka.

— Rudia hilo neno lako, alisema Muhtasari. Taratibu. Kikao si mbio.

Mfaume aliivuta kanzu yake magotini, akakohoa.

— Mzee wangu, sikuja kuchukua mtu. Nimekuja kuufuata moyo wangu, niliusahau mlangoni kwako.

— Zito hilo. Umelitoa wapi?

— Ile ya Kituruki, ya tajiri wa mazulia. Mke kakimbilia kwa baba yake milimani. Jamaa kafika kwenye mvua, hana mwavuli, kasema hivyo tu, mzee akalia. Nilirudisha nyuma nikaangalia tena. Nyingine za mwaka huu wanajazia muziki na machozi, ila pale pamepikwa.

Trela alikuwa anakitazama kiatu chake.

— Braza, ni yule mwenye ndevu? Gari lake limezama kwenye tope nyuma yake?

— Huyo huyo.

— Mie niliiona kwa mtafsiri mwingine, yule mwenye sauti nene. Mle jamaa hana habari za moyo. Anasema, "Mzee, nimefuata hati ya shamba langu, na haya maji usoni ni mvua, silii."

Mfaume alikiweka chini kikombe chake.

— Haiwezekani. Mzee alilia.

— Alililia shamba.

Muvi hizo hufika Temeke zikiwa zimeshasemewa. Mtu mmoja hukaa na maiki, akawasemea Waturuki, Wakorea na Wahindi wote, wanaume, wanawake na mbwa wao. Mfaume alikuwa akiwaamini watu hao kuliko alivyowaamini wasimamizi wake bandarini. Neno alilolikariri wiki nzima, akilitamka hadi bafuni, huenda lilikuwa la shamba.

— Kituruki anakijua nani hapa? aliuliza Muhtasari.

Trela alitikisa kichwa.

— Basi hoja hiyo tunaiahirisha. Ushauri wangu ni maandishi. Tunaandaa tamko, mwenyekiti wa mtaa anagonga mhuri, unalisoma umesimama. Mkwe gani anabishana na mhuri?

— Mzee, anaomba mke au kibali cha kujenga choo?

— Vyote vina utaratibu, Edgar.

— Utaratibu upo kwa Wakorea. Kuna ile ya daktari. Mke kasusa, kaenda kwao, mume kapata ajali. Mke karudi mbio, viatu mkononi. Braza, tukifika Mwenge nikukwaruze kidogo, siyo sana. Nakufikisha Kunduchi na bandeji kichwani, hakuna atakayekuuliza kitu.

— Ile mbovu, alisema Mfaume, kwa mazoea tu. Mume anapoteza kumbukumbu. Mke karudi, mume hamjui. Wanatambulishana upya mpaka tamthilia inaisha.

— Aa. Mie niliishia mke anarudi.

— Wewe huwaga unaishia hapo kila siku.

Muhtasari alisogea karibu, akapunguza sauti kama mtu anayetoa siri ya serikali.

— Kama ni hivyo, twende kwa Wanaijeria. Ile ambayo mkwe mkali anageuziwa kibao kwa siri yake mwenyewe. Baba yake Hamida anauza samaki tangu ujana wake. Haiwezekani mtu akauza samaki muda wote huo asiwe na siri. Mchunguze.

— Nimchunguze saa ngapi, mzee? Kikao ni baada ya alasiri. Halafu mkwe wa mle mwishoni anageuka chatu.

— Chatu ni sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza ina hoja.

Muda wote huo Felicitas, mwalimu aliyehamia mtaani majuzi, alikuwa amesimama kando na kofia ya bodaboda mkononi. Trela alimpa akiahidi kumpeleka Tandika mara moja kabla ya safari ya Kunduchi, na sasa alikuwa anasubiri dereva wake amalizane na chatu.

— Samahanini, alisema. Huyo mke, siku anaondoka, alisema nini?

Trela alimtazama Muhtasari. Muhtasari akaiangalia kahawa yake.

— Hilo halikuwepo kwenye ajenda, alisema.

— Alisema... alianza Mfaume.

Aliweza kuwasimulia kipande chote cha tamthilia aliyokuwa akiitazama mchana ule Hamida anaondoka: yule Mfilipino wa gauni la njano, pete ya pacha wake ndani ya bakuli la supu, uso wa mpishi. Na Hamida alimwona, pale kati ya kabati na mlango, begi miguuni. Alisimama pembeni, asimkinge runinga. Midomo yake ilicheza kwa muda mrefu, kama ya mtu aliyejipanga. Lakini sauti iliyotoka humo, kila Mfaume alipoivuta, ilikuwa ya mtafsiri. Kisha akakumbuka kidole gumba chake juu ya rimoti. Alikuwa ameongeza sauti.

— Aliongea sana, alisema hatimaye.

Simu ikatetemeka kwenye mfuko wa kanzu. Alikuwa mshenga, Mzee Twalib.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Mfaume, upo wapi? Wazee wameanza kuingia. Nipo barazani hapa na Hamida. Una neno nimfikishie kabla?

— Mpe simu.

Muhtasari alimgusa goti.

— Sema la moyo, alinong'ona. Liwalo na liwe.

— Bandeji, alisema Trela.

— Hamida, alisema Mfaume. Siku ile pale mlangoni ulikuwa unaniambia nini? Sikusikia.

Mfaume akaibana simu sikioni. Kibandani muziki wa singeli ulikuwa unapigwa, na Felicitas akainua mkono kuashiria waupunguze.

— Kakata? aliuliza Trela. Braza, kama kakata tumpigie, mie ninazo dakika.

Mfaume aliziba sikio la pili kwa kiganja, akawapa mgongo wote.

— Nyamazeni, alisema. Anaongea.