Chemba Pana ya Halldis Tveitane

Ndugu waombolezaji, familia za Tveitane na Brekkhus zimeomba yasomwe mbele yenu, kabla hatujatoka kwenda makaburini, maisha ya mpendwa wetu ambaye jeneza lake liko hapa mbele.

Marehemu Halldis Tveitane alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika shamba la Brekkhus, hapa Seljord, akiwa mtoto wa mwisho wa mzee Tarjei Brekkhus, aliyekuwa mhunzi, na mama Gunnvor. Alianza shule mwaka 1958, na mwaka 1968 akaenda Kongsberg kusomea ufundi wa vyuma, akiwa msichana pekee darasani, jambo ambalo kila alipoulizwa alijibu tu kwamba darasa lilikuwa na baridi.

Mwaka 1971 aliajiriwa katika karakana moja huko huko Kongsberg, na mwaka 1983 akafungua karakana yake hapa Seljord, nyuma ya nyumba, akitengeneza bunduki za shabaha moja moja, kwa kipimo cha mwenyewe. Mteja alipofika, Halldis hakuanza na mbao wala rangi, alianza kwa kumuuliza atapiga risasi ya uzito gani, na je, ataziandaa kwa mkono wake au atanunua dukani, kwa kuwa majibu hayo ndiyo yaliyoamua vipimo vya chemba, yaani ule mvungu wa nyuma ya mtutu ambamo risasi hulala kabla ya kufyatuliwa. Chemba yenye shingo nyembamba hupiga sawasawa zaidi, lakini kila ganda la risasi sharti likerezwe shingoni mpaka liwe jembamba, na likiingia ganda nene kwa bahati mbaya, moshi na vipande vya chuma vinaweza kumrudia mpigaji usoni.

Tarehe 19 Juni 1976 alifunga ndoa na Sigbjørn Tveitane, dereva wa lori la maziwa na mpiga shabaha wa chama chetu cha hapa Seljord, na tarehe 2 Februari 1979 wakajaliwa mtoto wao mmoja, Åsne, ambaye leo ni muuguzi Tromsø. Bunduki zote za Sigbjørn zilikuwa za chemba nyembamba, na kila majira ya baridi Halldis alikaa kwenye meza ya jikoni akimkerezea maganda, huku mumewe akimsomea gazeti kwa sauti, na Sigbjørn aliposhinda vikombe aliwaambia watu kwamba mpigaji ni Halldis, yeye anavuta tu kifyatulio.

Mwezi Oktoba 2022 Halldis alianza kuumwa tumbo, na madaktari wakakuta saratani ya kongosho isiyoweza kupasuliwa. Habari hiyo alimpa Åsne kwa simu, akamsihi anyamaze, ila kwa mumewe alisema tu kwamba ni tumbo, na dawa zipo. Januari Sigbjørn akaomba mtutu mpya, kwa kuwa wa zamani ulikuwa umelika, na Halldis akaagiza kikatio cha kuchongea chemba. Kifurushi kilipofika Sigbjørn alikifungua mwenyewe, akasoma namba iliyochorwa kwenye shina la kikatio, akaenda nacho karakana.

"Mama Åsne, hawa wamekosea. Shingo ni pana."

"Hawajakosea. Ndivyo nilivyoagiza."

"Ya nini? Hii ni ya watu wa risasi za dukani. Mimi lini nimepiga risasi ya dukani?"

Halldis alikuwa anafuta mashine ya kerezo, na hakuacha kufuta.

"Utapiga," alisema. "Nani atakukerezea maganda, baba Åsne?"

Sigbjørn akauliza kama alete kahawa, akaambiwa alete. Alipofika jikoni alimpigia simu Åsne, naye hakuweza tena kunyamaza.

Hakumlaumu mkewe, wala hakulia, alimwomba tu amfundishe kukereza maganda ili chemba ibaki nyembamba kama miaka yote. Februari nzima walikaa mezani pamoja, yeye akikereza na Halldis akipima, na maganda yakatoka mengine upande mmoja mwembamba kama karatasi, mengine hayakuguswa kabisa, na Halldis akawa anayaweka kando. Mwezi Machi Sigbjørn aliweka kifaa chini mwenyewe.

"Chonga pana," alisema.

Halldis aliichonga mwezi Aprili, akiwa ameketi kwenye kigoda, akikata kidogo, akitoa, akifuta, akitia mafuta, akipima, na kazi ambayo zamani ilikuwa ya asubuhi moja ilimchukua karibu wiki. Mwezi Mei walikwenda kiwanjani, yeye akabaki garini na blanketi, kioo kimeshushwa, na Sigbjørn akapiga risasi za dukani, mita mia tatu. Matundu yalienea upana wa kisahani, pale ambapo zamani yangeenea mdomo wa kikombe.

"Ganda linatoka bila kukwama?" Halldis aliuliza.

"Linatoka."

"Basi, inatosha."

Wakarudi nyumbani wakala maandazi bapa yaliyookwa kati ya vyuma viwili vya moto, yenye jamu, na bunduki nyingine Halldis hakutengeneza.

Halldis alifariki nyumbani tarehe 9 Septemba 2023, asubuhi, Åsne akiwa kando yake. Sigbjørn alikuwa ameenda kuweka maji ya kahawa, na aliporudi akaambiwa, naye akarudi jikoni kuzima jiko.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliofyeka majani na kuleta chakula, mafundi wenzake waliotoka Kongsberg, na wanachama wa chama cha shabaha waliobeba jeneza. Alhamisi iliyopita Sigbjørn alikuja mazoezini kama kawaida, kwa kuwa Halldis alimwagiza asikose, akapiga, akaenda zake. Ameomba isemwe hapa kwamba bado hasikii kitu chochote moyoni, na kwamba leo, mtakapompa mkono akawatazama tu, msidhani hawatambui.

Halldis, mwana wa Tarjei na Gunnvor, mke wa Sigbjørn, mama wa Åsne, sasa pumzika, na amani iwe yako.