Stefania Hrynchuk na Vidonge Vyake

Padri Yaroslav, majirani wa Ethelbert na nyote mliovumilia barabara ile mbovu kutufikia, familia imenituma mimi Lorne, mwanawe wa kwanza, niwasomee maisha ya mama yetu, na nawaomba radhi kama sitasimama mahali pamoja, maana kutotulia ndio urithi alioniachia.

Marehemu Stefania alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 katika shamba la wazazi wake, mzee Wasyl na mama Paraska Kozak, kaskazini mwa Ethelbert, Manitoba, akimfuata kaka yake Metro aliyeketi hapo mbele, akasoma hapa hapa hadi mwaka 1975, na kwa kuwa hakuweza kukaa kitini kipindi kizima, walimu walimpa kazi ya kupiga kengele ili apate kisingizio cha kutoka nje. Tarehe 8 Julai 1978 alifunga ndoa na baba yetu Zenon, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1980 na Darlene mwaka 1983, na Septemba 1985 akaanza kazi aliyoipenda kuliko kitu chochote, pengine kuliko sisi, ya kuendesha basi la shule.

Februari 1988 jicho lake la kulia lilikuwa jekundu, sote tukasema ni upepo wa theluji, kumbe ni virusi vile vile vinavyotoa malengelenge mdomoni, safari hii vimeingia jichoni, vikatulia, vikarudi, na viliporudi mara ya tatu, Oktoba 1998, mtaalamu wa macho kule Winnipeg alimwambia kwamba kovu likifika katikati ya jicho leseni ya basi atairudisha, kwa hiyo ameze dawa ya kufubaza virusi, asubuhi na jioni, na anywe maji mengi. Mama akauliza, "Hadi lini?" naye akajibiwa, "Hadi utakapochoka kuona."

Tangu siku hiyo mama alimeza vidonge na vidonge vikammeza yeye, kwa sababu dawa ya wiki moja aliielewa, lakini dawa ya maisha ilimnyima raha kwa kuhofia figo zake, akamuuliza mfamasia, akamuuliza tena, akamuuliza hata daktari wa ng'ombe, wala majibu mazuri hayakumtuliza, na mjomba Metro hakusaidia, kila Krismasi mezani alikuwa akisema, "Stefka, jicho hilo unalilipia kwa figo," na mama akimjibu, "Unavuta sigara tangu darasa la sita, wewe nyamaza ule."

Mwaka 2006 kipimo cha damu kikaonyesha kwamba figo zimelegea, nyumba nzima ikashikwa na hofu, mama akavificha vidonge nyuma ya mitungi ya kabichi ya kuchachusha bila kumwambia daktari, na Januari virusi vikarudi, kovu likasogea, leseni ikazuiliwa hadi Juni, akawa anazunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Daktari hakumgombeza, alimuuliza tu, "Asubuhi, kabla ya safari, unakunywa nini?" Mama akasema, "Sinywi kitu, daktari, njia nzima haina choo, na mimi si mwanamume wa kusimama nyuma ya tairi kwenye baridi ile." Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kwa miaka minane alikuwa akimeza dawa inayotaka maji huku akijikausha koo, basi kipimo cha dawa kikapunguzwa, chupa ya maji ikawekwa kando ya usukani, na Bibi Petryshyn, aliyekaa kando ya njia ya basi, Mungu amlaze pema, akatangaza barabara nzima kwamba mlango wake wa nyuma haufungwi, choo ni cha Stefania wakati wowote. Ninyi mliokuwa watoto wa basi lile mnakumbuka mlivyomzomea akirudi mbio, "Bi Stefania, leo umekunywa ziwa zima?"

Figo zikarudi sawa, jicho likabaki na mwanga wake, akaendesha hadi alipostaafu Juni 2019, ila kila mwaka wiki ya kupima damu hakulala, na hofu hiyo haikumtoka hadi mwisho.

Tarehe 11 Agosti 2024 alipanda ngazi kuchuma cheri, ingawa baba alimwambia, "Ngoja nije nishike," akaanguka, akapelekwa Winnipeg kwa ndege, na tarehe 13 madaktari wakatuambia kwamba ubongo umekufa, kisha wakauliza kwa upole kama tungekubali viungo vyake viwasaidie wengine. Macho hayakufaa. Mjomba Metro akasema, "Figo msijisumbue, amekula vidonge miaka ishirini na tano." Wakapima hata hivyo. Asubuhi daktari akaja kwenye korido, akasema zinafaa, na mjomba akamshika mkono wa koti, "Zote mbili?" "Zote mbili, mzee." Akamwomba aseme tena, akasema tena, na mjomba akakaa chini sakafuni akalia kwa sauti, sote tukalia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, madereva wenzake, kina mama wanaopika ukumbini, na kila nyumba iliyomwachia mlango wazi. Walipo watu wawili waliopokea figo hizo hatujui, wala hatutaambiwa, na hilo linatukosesha usingizi kama ambavyo lingemkosesha yeye.

Mama, sasa kaa chini, utulie. Figo zako ziko kazini.