Elisa Dehen Unjung, Msikilizaji wa Giboni (1961–2023)

Marehemu Elisa Dehen Unjung, ambaye wengi wenu mlimwita Bapa Netie, yaani baba yake Netie, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji hiki cha Tumbang Sanaru, kando ya mto Katingan. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Unjung na mkewe Salome, wagema mpira. Familia inaomba radhi mapema, kwani mengine yatakayosomwa hapa ni mazito. Aliagiza mwenyewe yasomwe bila kupunguzwa, na binti yake Netie, aliyeyaandika, ametii.

Aliingia shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza darasa la sita mwaka 1974. Sekondari alisoma miaka miwili tu. Baba yake alipovunjika mguu, alirudi nyumbani kushika kisu cha kugemea.

Tarehe 7 Juni 1986 alifunga ndoa na Lamiang, katika kanisa hili hili. Walijaliwa watoto wawili, Netie na Yepta.

Mwaka 1998, walipofika wanunuzi wa magogo, marehemu na mdogo wake Santar walichimba mfereji wa kilomita tatu katika msitu wa kinamasi, ili magogo yaelee hadi mtoni. Watu wakauita Mfereji wa Bapa Netie, na jina hilo lipo hadi leo. Hakujua, na hakuna aliyemwambia, kwamba udongo ule mweusi wa majani yaliyooza ukishakaukiwa na maji huwaka kama mkaa.

Mwaka 2004 watafiti wa giboni walipiga kambi jirani, wakamwajiri awe msikilizaji. Giboni, wanyama wa mitini wenye mikono mirefu, ambao hapa huitwa kalaweit, huishi dume, jike na watoto wao katika kipande chao cha msitu, na kila alfajiri huimba kuwajulisha majirani kwamba hapa pana wenyewe. Marehemu alizijua familia tisa kwa sauti tu. Jike mmoja alikuwa na tabia ya kuukatiza wimbo katikati, kama mtu anayevuta pumzi ili aendelee kugomba. Akamwita Lamiang Mdogo.

Habari zikamfikia mkewe. "Yaani umempa nyani jina langu?"

"Si nyani, hana mkia. Halafu anakushinda kidogo tu kwa kelele."

"Yeye unamsikia yuko kilomita nzima, mimi nikikuita uje ule husikii!"

Miaka hiyo ndiyo aliyocheka zaidi maishani mwake.

Septemba 2015 moto uliingia msituni kwa kuufuata mfereji. Ulitambaa chini ya ardhi, ukala mizizi, miti ikaanguka ingali mibichi. Marehemu alipambana nao siku arobaini na saba, kinga yake ikiwa kitambaa kilicholoweshwa maji.

"Kaka, turudi," Santar alimsihi. "Huu si moto wa kuzimwa na watu."

"Njia yake niliichimba mimi."

"Tuliichimba wote."

"Basi shika mpira wa maji."

Giboni hawakukimbia. Giboni hashuki chini akatembea juu ya majivu, na hata angevuka, ng'ambo kuna majirani watakaomfukuza. Lamiang Mdogo, dume wake na mtoto wao walibaki kwenye kikundi cha miti kumi na kitu iliyokuwa bado imesimama. Moshi ulipozidi, waliacha kuimba. Siku ya thelathini na mbili marehemu aliwaona wamekaa wamekumbatiana. Siku ya thelathini na tano miti ile ilikuwa chini. Alichokikuta pale hakumwambia mtu, hata mkewe.

Baada ya moto zilisikika familia mbili. Yeye na Santar waliuziba mfereji kwa kuta saba za magogo, ili usiendelee kuukausha msitu. Wapitisha mitumbwi wakabomoa tano. Moto wa mwaka 2019 ulipopita, haikusikika hata moja.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2020. Hospitalini Palangka Raya waliambiwa kwamba mapafu yamejaa makovu ya moshi na hayatapona. Tangu hapo, kila kukicha aliomba aketishwe barazani, uso ukielekea msituni.

"Umesikia?"

"Bado, Bapa," Netie alijibu, miaka miwili mfululizo, akijua kwamba hiyo "bado" ni ya kumtuliza tu.

Asubuhi ya tarehe 9 Februari 2023 Yepta, kwa huruma, alijificha nyuma ya nyumba akafungulia kwenye simu wimbo wa giboni uliorekodiwa zamani na watafiti. Marehemu aliinua kichwa. Alisikiliza mpaka pale unapokatizwa.

"Huyo ni Lamiang Mdogo," alimwambia Netie. "Ni wa kabla ya moto. Mwambie mdogo wako azime."

Saa tano alikata roho, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Lamiang, watoto wawili, Netie na Yepta, wajukuu watatu, na mdogo wake Santar. Ameacha pia mfereji, ambao mpaka leo tunapomzika unaendelea kunyonya maji ya msitu. Familia imetafuta neno la faraja la kumalizia hapa, haikulipata.

Mungu amlaze pasipo na moshi.