Mfarishi wa Miaka Kumi na Minne wa Mama Yetu Idalina

Padre, ndugu zetu, majirani wa mtaa wa Cruzeiro, na ninyi mliofanya naye kazi kiwandani ambao nawaona mmekaa pamoja kule nyuma, mimi ni Marlúcia, mtoto wa pili wa marehemu, na familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya mama yetu, Idalina Quirino Teles, nami nitayasoma polepole kwa sababu sauti yangu leo si ya kutegemewa.

Mama alizaliwa tarehe 13 Desemba 1941, katika kitongoji cha Macuco, jimbo la Minas Gerais, akiwa mtoto wa tano kati ya watoto saba wa mzee Belarmino Quirino na mkewe Ambrosina, wote wawili marehemu. Alianza shule mwaka 1949 kwenye chumba kimoja kilichokuwa nyuma ya kanisa, akasoma miaka minne, akaacha mwaka 1952 mama yake alipofariki, maana wadogo zake wawili walihitaji mtu wa kuwapikia. Shangazi yake Deolinda ndiye aliyemfundisha kushona, kwa sindano na baadaye kwa cherehani ya kukanyaga, ile ile ambayo wengi wenu mmewahi kuja kuiazima hapa nyumbani na wengine mkachelewa kuirudisha.

Mwezi Machi 1957, akiwa na miaka kumi na mitano, aliingia kwenye kiwanda cha nguo cha mjini kwetu, kazi yake ikiwa kuunga nyuzi zinazokatika kwenye mashine za kufuma, na akaifanya kwa miaka thelathini na mitatu, akiingia saa kumi na moja alfajiri na kutoka saa saba na nusu mchana, hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1990. Kila Ijumaa wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua mabaki ya vitambaa, wenzake wakachukua ya kufutia vyombo, yeye akachagua rangi.

Tarehe 23 Julai 1960 alifunga ndoa na baba yetu, Olegário Teles, dereva wa lori la mkaa, wakajaliwa watoto watatu: Nazaré, aliyezaliwa Mei 1962, mimi niliyefuata mwaka 1965, na Adélio, aliyezaliwa mwaka 1970.

Sasa ninafika mahali ambapo Adélio alinishauri nipite haraka, lakini Nazaré mwenyewe, aliyekaa pale karibu na dirisha, ameniambia nisome lote, na baba ametikisa kichwa kukubali. Mwezi Septemba 1981, Nazaré akiwa na miaka kumi na tisa, aliondoka nyumbani kwenda Belo Horizonte na Josué Batista, aliyekuwa akiendesha tingatinga kwenye barabara mpya, mtu mzima aliyekuwa ameachana na mke wake wa kwanza, jambo ambalo baba hakuweza kulimeza. Baba alisema jina la Nazaré lisitajwe tena mezani pake, na halikutajwa, tukala Krismasi ile kimya kama watu waliokutana njiani.

Mwezi Februari 1982, siku ya Jumapili baada ya chakula, mama aliondoa sahani, akafuta meza, akamwaga juu yake mfuko mzima wa mabaki ya vitambaa mbele ya baba. Akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Nashona mfarishi wa kitanda cha Nazaré. Ukiisha nitaupeleka mwenyewe." Baba alinyanyuka akaenda kulisha kuku, ambao walikuwa wamekwisha kula.

Mfarishi ule, ndugu zangu, ulishonwa kwa dakika zilizobaki. Mama alitoka kiwandani, akapika maharage, akafua, akakagua madaftari ya Adélio, na kama kulibaki robo saa kabla ya kwenda kanisani, aliunga vipande vinne au vitano. Mwaka 1983 panya alitafuna pembe nzima, mama akaifumua akaanza upya. Mwaka uliofuata paka alizalia ndani yake, na mama alisubiri wiki tano bila kuugusa, hata tulipomwambia paka anaweza kuhamishwa, yeye alisema mzazi hasumbuliwi.

Mwaka 1985 mama yake baba, Bibi Sinhana, alipooza upande mmoja, akaletwa kwetu, na mama alimuuguza miaka sita, akimgeuza, akimlisha, akimwosha. Jioni alikuwa anatandaza mfarishi juu ya bibi na kushona akiwa ameketi kando ya kitanda, na bibi, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa bado mzima, ndiye aliyekuwa akichagua kipande kinachofuata, wakabishana sana, maana bibi alipenda nyekundu kila mahali. Bibi Sinhana alijua mfarishi ni wa nani, na hakuna siku aliyomficha mwanawe. Alimwambia baba mbele yetu, "Nimelala chini ya mfarishi wa mjukuu wangu, Olegário, wala sijaona aibu." Alifariki mwaka 1991, na ule upande mwekundu mtakaouona ni wake.

Kiwanda kilipofungwa mabaki yaliisha, mama akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiomba nguo zilizochakaa, nanyi mkampa, sare za shule, pazia la ukumbi wa kanisa, gauni la ubatizo, suruali za marehemu wenu, kwa hiyo wengi wenu mliopo hapa nguo zenu zimo.

Mwaka 1993 mfarishi ulikuwa umekwisha. Nasema hivi kwa uhakika kwa sababu niliupima mimi, ulitosha kitanda kikubwa, kilichobaki kilikuwa upindo tu na bitana, lakini mama akaongeza safu nyingine kuuzunguka, na mwaka uliofuata akaongeza nyingine tena. Jirani yetu Dona Ercília, ambaye ulimi wake mnaujua, alimuuliza kutoka upande wa pili wa ukuta, "Idalina, huo ni mfarishi au ni barabara ya kwenda Belo Horizonte?" Mama alicheka. Mimi sikucheka, nilikasirika, nikamwambia kwamba anaogopa, kwamba Nazaré ana watoto watatu ambao hatujawahi kuwashika, na yeye anacheza na viraka. Hakuniacha nimalize. Akasema, "Nikimaliza itabidi niende, mwanangu. Na nikienda peke yangu, baba yako atabaki hapa na ubishi wake mpaka afe. Namngoja."

Alimngoja miaka miwili zaidi. Hakumsihi wala hakumnunia, alimpikia na kumpigia pasi mashati, na kila jioni akaketi mahali ambapo baba angemwona akishona. Nilikuwa nimekwisha kuolewa, na kila nilipokuja nilikuta mfarishi umekuwa mzito zaidi, mama ameanza kuvaa miwani, na baba anasikiliza redio akiwa ameupa mgongo.

Tarehe 10 Agosti 1996 baba alitoka chumbani na shati lake la harusi, akaliweka mezani mbele ya mama, akasema, "Weka na hili." Mimi nilikuwepo, nikaona imekwisha, machozi yakanijia, lakini mama alilikunja lile shati vizuri na kumrudishia. Akamwambia, "Kitambaa ninacho, Olegário. Ninachokosa ni neno lako." Baba alisimama pale na shati mkononi, kahawa ikachemka ikamwagika na hakuna aliyeinuka, mwishowe akavuta kiti, akaketi, akauliza, "Basi la Belo Horizonte linaondoka saa ngapi?"

Waliondoka Jumamosi iliyofuata, nami nikaenda nao. Baba alikataa mfarishi uwekwe kwenye buti la basi, akaupakata safari nzima, na kutoka kituoni akaubeba begani akipanda kilima hadi mlangoni kwa Nazaré. Aliyefungua mlango ni Josué. Hao wawili hawakuwa wameonana miaka kumi na mitano, na baba, ambaye njiani nilimsikia akijaribu maneno kwa midomo, aliyasahau yote, akasema, "Josué, nipokee mzigo, ni mzito." Josué akaupokea. Nazaré alitoka jikoni na unga wa muhogo mikononi, na yaliyofuata ni ya familia. Nitasema tu kwamba mfarishi uligusa sakafu pande zote mbili za kitanda, na kwamba mama alikuwa ameacha safu moja bila kuimaliza makusudi, tukaimaliza sisi watatu, mama, Nazaré na mimi, mchana ule, kwa kitambaa cha lile shati la harusi la baba, alilokuja nalo, na cha shati moja la Josué.

Tangu hapo Nazaré na watu wake walikuja kila sikukuu, na Josué na baba wamekuwa wakiibiana karata kwenye meza hii kwa miaka ishirini na minane.

Mama alianza kuugua moyo mwaka 2019, akalazwa mara tatu, na mwezi Mei mwaka huu aliomba arudishwe nyumbani. Alisikia baridi sana, kwa hiyo Nazaré aliuleta mfarishi akamfunika. Siku chache kabla ya kutuacha alituita akatuambia, "Msinizike nao. Mimi baridi yangu inakwisha. Mwenye baridi ni baba yenu." Alifariki jana, Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili, ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanane na vitukuu wanne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa muuguzi Jussara aliyekuja hapa kila siku hata mvua ikinyesha, tunawashukuru majirani mliopika tangu jana, wenzake wa kiwandani mliokesha naye, na Dona Ercília aliyemvisha.

Baba amekaa pale mbele, na mfarishi uko magotini pake. Mtakapompa mkono msiondoke upesi, ketini naye kidogo, mwambieni akuonyesheni nguo yenu, kwa maana anaijua kila moja, ya nani na ilitoka nyumba gani.

Mama, kazi umeimaliza, na wote tupo nyumbani. Upumzike kwa amani.